Kisu Kimeelekezwa kwa Nani

Mtoto anaitwa Siralan. Ana umri wa miaka mitano na yuko shuleni. Baba yake anakwenda kumchukua, anambeba begani na kumrudisha nyumbani. Mama anampokea, anamfuta uso, anamtengeneza nywele. Kisha mama anamshika, baba anashika kisu. Mtoto anacheka. Anawaona wazazi wake wana furaha, naye anafurahi.

Muda si mrefu nyama iko jikoni, kwa sababu nje kuna mgeni mwenye njaa.

Hadithi hii imo katika kitabu kitakatifu cha Wahindu wa Kitamili, kusini mwa India, na huyo baba mwenye kisu anahesabiwa miongoni mwa watakatifu. Sanamu yake imesimama katika mahekalu ya mungu Shiva mpaka leo, yeye na wenzake 62. Nimeisoma mara nyingi, kwa tafsiri za Kiingereza kwa kuwa Kitamili sikijui, na kila mara huwa nalazimika kuiweka pembeni kwanza ndipo niendelee. Mimi ni mzazi. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi: hadithi hii siikubali. Lakini katika kitabu hicho hicho kuna hadithi nyingine, nayo imejaa damu, ambayo naipenda kuliko karibu hadithi zote za dini nilizowahi kusoma. Nataka kueleza inakuwaje mtu mmoja aikumbatie hii na aikatae ile, ilhali mshairi aliyeziandika aliziweka katika orodha moja na kuzisifu kwa kipimo kimoja.

Kitabu chenyewe ni Periya Puranam. Kilitungwa katika karne ya 12 na Sekkizhar, waziri katika ufalme wa Wachola, enzi za Kulottunga wa Pili. Mapokeo yanasema mfalme alikuwa amezama katika utenzi mmoja wa Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, uliojaa mambo ya mapenzi, waziri wake akaona si sawa, akamwambia yapo maisha mengine yanayofaa kuimbwa. Akaenda Chidambaram, kwenye hekalu la Shiva anayecheza ngoma, na inasimuliwa kwamba sauti ya Mungu ndiyo iliyompa neno la kwanza. Alipomaliza, beti zilikuwa zaidi ya 4,200. Kitabu kilipandishwa juu ya tembo pamoja na mtunzi wake, mfalme mwenyewe akakaa nyuma akiwapepea.

Watu wanaosimuliwa humo waliishi karne kadhaa kabla ya Sekkizhar. Yumo mfalme, mfinyanzi, mvuvi, dobi, mkamua mafuta, Mbrahmini wa tabaka la makuhani, na mtu wa tabaka ambalo halikuruhusiwa hata kukanyaga uwanja wa hekalu. Kinachowaunganisha ni upendo kwa Shiva, na upendo huo karibu kila mara unavunja kitu. Mmoja anasaga kiwiko chake kwenye jiwe kwa kuwa amekosa mti wa sandali wa kumsagia Mungu. Mwingine ameishiwa mafuta ya taa za hekalu, anaweka kisu shingoni ili azijaze kwa damu yake. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tumewajua Wahindu kupitia majirani wenye asili ya Gujarat, na wengi wao hawagusi nyama, wengine hata yai. Tumezoea kudhani kwamba dini yao yote ni hiyo: maua, ubani, mboga, na kutodhuru kiumbe. Hiyo ni sehemu ya kweli ya dini yao. Na hii niliyoishika ni sehemu ya kweli pia.

Nianze na ile ninayoipenda.

Jina lake la kuzaliwa ni Tinnan, mwana wa mkuu wa wawindaji. Baba amezeeka, amemkabidhi mwanawe uongozi, na leo ni mawindo yake ya kwanza akiwa mkuu. Nguruwe mwitu mmoja mkubwa anaponyoka nyavu. Tinnan anamfukuza na wenzake wawili tu, Nanan na Kadan, na anapomuua wameshakuwa mbali kabisa na kundi. Wana njaa na kiu. Mbele yao kuna mto Ponmukali na mlima wa Kalahasti. Nanan anasema juu ya ule mlima yupo Mungu, tunaweza kwenda kumwabudu. Kadan anaachwa na nguruwe awashe moto.

Huyu kijana hajafundishwa sala hata moja. Anapanda, na kadiri anavyopanda anaona kama kuna mzigo unamtoka mwilini. Juu anaikuta linga, jiwe ambalo wafuasi wa Shiva humwona Mungu wao ndani yake, limesimama peke yake porini. Anakimbia, analikumbatia, analibusu, analia. Na angalia kinachomliza: ni upweke wa Mungu. Nani amemwacha hapa peke yake, na simba na tembo wote hawa? Na tena haonekani kama amekula.

Basi anataka kushuka amletee chakula, lakini hawezi kumwacha. Anaondoka, anarudi. Anaondoka tena, anageuka kumtazama, anarudi tena. Mwishowe anashuka. Nyama ya nguruwe anaichoma mwenyewe, anaionja kipande kimoja kimoja, kigumu anakitupa, kilicho laini anakitoa mdomoni na kukiweka kwenye jani. Mkono mmoja una upinde, mwingine una nyama. Maji ya kumwogesha Mungu je? Anayajaza mdomoni. Maua? Anayachomeka kwenye nywele zake. Akifika juu hana mkono mtupu, kwa hiyo maua ya zamani anayafagia kwa kiatu cha mguuni, anayatema yale maji juu ya jiwe, anainamisha kichwa maua yadondoke, kisha anaweka nyama na kumbembeleza Mungu ale, ni nzuri, ameionja. Usiku kucha anasimama na upinde akilinda.

Wenzake wanaona amerukwa na akili. Wanamwita baba yake, baba anakuja, anashindwa, anarudi.

Asubuhi Tinnan anapokwenda kuwinda, anakuja kuhani wa mahali pale, Shivakochariyar, Mbrahmini mwema na mwaminifu. Anakuta mifupa na mafuta ya nyama mbele ya Mungu. Anatetemeka. Anafagia, anaosha, anatakasa, anasoma maneno yake matakatifu, anaweka majani na maua kama inavyotakiwa, anaondoka. Jioni Tinnan anarudi, anayafagia yale majani kwa mguu, anaweka nyama. Hivyo kwa siku tano, wanaume wawili wasioonana wakifutiana ibada. Kuhani analia kwa Shiva amwondolee balaa hili. Shiva anamjia ndotoni na kumwambia kwamba yule mtu mwili wake wote ni upendo, na maji anayoyatema ni matakatifu kuliko mto Ganga. Kesho jifiche nyuma yangu, uone.

Siku ya sita jicho la kulia la linga linaanza kutoka damu.

Tinnan anaona kwa mbali, nyama inamdondoka, upinde unamdondoka. Anatafuta aliyefanya uovu huu, haoni mtu. Anakimbilia msituni kutafuta dawa za majani anazozijua, anazikamua, damu haikomi. Ndipo anakumbuka msemo wa watu wake kwamba dawa ya nyama ni nyama. Anachukua mshale, anang'oa jicho lake la kulia, analibandika. Damu inakoma. Anaruka, anapiga mikono mapajani, anacheza kwa furaha, uso wake ukiwa na tundu lenye damu.

Kisha jicho la kushoto la Mungu linaanza kutoka damu.

Sasa hana wasiwasi, dawa anaijua. Tatizo ni moja tu: akiling'oa jicho lililobaki, ataonaje pa kulibandika? Kwa hiyo anauinua mguu wake na kuweka kidole gumba kwenye jicho la Mungu, kama alama. Anaelekeza mshale. Mkono unatoka ndani ya jiwe, unamshika, na sauti inasema mara tatu, acha, Kannappa. Tangu hapo jina lake ni hilo.

Huo mguu ndio unaonifanya niirudie hadithi hii. Katika adabu za hekalu hakuna uchafu mkubwa kuliko mguu, na hakuna mahali pa heshima kuliko uso wa Mungu. Kannappa anaviunganisha kwa sababu za kazi tu, kama fundi anayeweka alama kwenye ubao kabla ya kukata. Hajui kama ametenda kufuru. Nafsi yake imesahaulika kiasi kwamba hata kumcha Mungu hakuna nafasi tena, kuna kumuuguza tu. Na sioni biashara yoyote katika damu yake. Hakuombwa jicho. Hakuahidiwa pepo, wala hajui kama ipo. Amemwona ampendaye anaumia, akatoa kilicho chake. Mshairi Manikkavachakar aliimba katika Tiruvachakam kwamba yeye hana upendo kama wa Kannappan, na huyu ni mtu ambaye mashairi yake yaliwaliza watu kwa zaidi ya miaka elfu.

Kuhani yule alikuwa amejificha nyuma akiona yote. Sekkizhar hamdhihaki, naye ninampenda kwa hilo. Ibada ya kuhani ni ya kweli. Ila imeonyeshwa kikomo chake.

Turudi kwa Siralan.

Baba yake, kabla ya kuitwa Siruttontar, alikuwa Paranjoti, jemadari wa mfalme wa Pallava, na alikuwepo katika vita vya kuuteka Vatapi, mji mkuu wa Wachalukya, ambavyo wanahistoria huviweka mwaka 642. Aliacha jeshi, akarudi kijijini kwao Tiruchenkattankudi, akaoa, na akajiwekea nadhiri kwamba kila siku hatakula kabla ya kumlisha kwanza mja mmoja wa Shiva. Siku moja anakosa mtu wa kumlisha. Anatoka kutafuta. Nyuma anakuja fakiri wa kutisha, mfuasi wa Bhairava, ambaye ni Shiva katika sura yake ya ukali. Msomaji anajua ni nani. Mwenye nyumba hajui.

Masharti yanakuja moja baada ya jingine. Fakiri hula mara moja kwa miezi sita. Anachokula ni mnyama. Siruttontar anasema sawa, nina ng'ombe na mbuzi na kondoo. Fakiri anasema mnyama wangu ni binadamu. Awe na miaka mitano. Asiwe na kilema. Awe mtoto pekee. Mama amshike, baba amkate, na wote wawili wafanye hivyo kwa furaha.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kutii hakutoshi, sharti wafurahi. Na wanafurahi. Kichwa cha mtoto wanakiweka kando wakidhani hakifai kupikwa, fakiri anakiulizia hicho hicho, na kumbe mtumishi, Chandana, alikuwa ameshakipika akijua kitaulizwa. Sijui niseme nini juu ya mwanamke huyu. Aliyemfahamu mgeni vizuri kuliko wote pale nyumbani ni yeye. Kisha fakiri anakataa kula peke yake, Siruttontar anaketi naye. Kisha anasema, mwite mwanao tule naye. Hatatufaa sasa, baba anajibu. Mwite. Wanatoka mlangoni, wanaita. Na Siralan anakuja mbio kama atokaye shule, mama anamdaka, wanageuka ndani, na mgeni hayupo, na nyama haipo. Shiva anaonekana angani na mkewe na mwanawe. Nyumba nzima inachukuliwa kwake, Chandana pamoja nao.

Najua hoja za wanaoipenda hadithi hii, na si hoja nyepesi. Wanasema mtoto alirudi, na Mungu hakula hata tonge. Wanasema kinachochinjwa pale ni ule umiliki wetu, tabia ya kusema mwanangu, nyumba yangu, mimi. Wanasema Shiva ndiye mwenye njaa kwa waja wake kama wao walivyo na njaa kwake, na hadithi inaionyesha njaa hiyo bila kuipamba. Nazielewa hoja hizi. Lakini jicho la Kannappa lilikuwa la Kannappa. Siralan hakuwa wa Siruttontar kwa namna hiyo, na hakuna aliyemuuliza.

Sisi tuliolelewa na kisa cha Ibrahimu tuna la kulinganisha, na hapa tofauti ndogo zinanena mengi. Katika Kurani, Sura ya 37, Ibrahimu anamwambia mwanawe alichokiona ndotoni na kumuuliza, waonaje? Na mwana anajibu kwamba atende aliloamrishwa, atamkuta miongoni mwa wenye kusubiri. Mtoto aliulizwa. Katika kitabu cha Mwanzo, Isaka anauliza yuko wapi mwanakondoo, na baba anampa jibu la kuzunguka. Katika Waamuzi, binti Yeftha, ambaye hakushukiwa na kondoo yeyote wa kumwokoa, anaomba miezi miwili akaulilie ubikira wake milimani, naye anapewa. Kila mmoja wao ana sentensi yake. Siralan ana kicheko tu. Mshairi wa kiwango cha Sekkizhar haweki kicheko mahali kama pale kwa bahati. Nadhani alitaka kituchome, kisha akatuomba tukivuke. Mimi sijakivuka.

Na Siralan hayuko peke yake. Kotpuli alikuwa jemadari pia, mwenye ghala la mpunga uliotengwa kwa ajili ya Shiva. Akiwa vitani njaa iliingia, ndugu zake wakaula ule mpunga. Aliporudi aliwaita wote, akafunga mlango, akawaua, wazazi wake na wake zake wakiwemo. Mlinzi wake alimsihi amwache mtoto mchanga, huyu hakula mpunga. Kotpuli akasema amenyonya maziwa ya aliyekula. Akamkata vipande viwili. Shiva akatokea na kubariki. Hadithi yenyewe ni fupi, beti chache, ila ndani ya beti hizo yumo mlinzi aliyesema neno, na neno lake lilikuwa la haki.

Malkia mmoja huko Tiruvarur aliokota ua lililodondoka katika mahali pa kutengenezea mashada ya Mungu, akalinusa. Mtakatifu mmoja akamkata pua. Mfalme mumewe akafika, akauliza, akasema mkono ndio uliotangulia kuliokota, akaukata mkono. Wote wawili wamo katika wale 63. Malkia hayumo.

Kijana Vicharasharman, ambaye baadaye anaitwa Chandesha, ni kisa chenye uzito zaidi. Alikuwa mtoto wa Kibrahmini aliyemwona mchungaji akimpiga ng'ombe, akamwonea ng'ombe huruma, akaichukua kazi ya kuchunga. Ng'ombe walimpenda, wakatoa maziwa bila kukamuliwa. Akatengeneza linga ya mchanga kando ya mto, akawa anaiogesha kwa maziwa hayo. Wanakijiji wakalalamika kwamba maziwa yanamwagwa. Baba yake akajificha juu ya mti, akaona, akashuka akamchapa. Mtoto amezama katika ibada, hasikii fimbo. Baba akaupiga teke mtungi wa maziwa. Hapo mtoto akashika fimbo iliyokuwa chini, ikageuka shoka, akaikata miguu ya baba yake. Shiva akamwambia tangu leo mimi ndiye baba yako, akamvika shada lake mwenyewe.

Ukienda Gangaikonda Cholapuram, hekalu alilojenga Rajendra wa Kwanza katika karne ya 11, tukio hilo limechongwa ukutani, na hata katika picha unaona upole wa mikono ya Mungu akimfunga kijana shada kichwani. Karibu kila hekalu la Shiva katika nchi ya Watamili lina kibanda cha Chandesha upande wa kaskazini, na waumini hupiga makofi taratibu mbele yake ili atoke katika tafakuri yake. Katika maandishi ya mawe ya Wachola, ardhi ya hekalu hununuliwa na kuuzwa kwa jina lake. Aliyeanza kwa kumhurumia ng'ombe aliyepigwa, kisha akamkata baba yake, amekuwa msimamizi wa mali ya Mungu. Huruma ile ya mwanzo na shoka la mwisho vinatoka katika moyo mmoja, na Sekkizhar hatengi.

Nimeona pia kwamba watu hawa wengi wanatoka jeshini. Siruttontar na Kotpuli wote ni majemadari. Mapenzi ya mja kwa Shiva yanasimuliwa kwa lugha ile ile ya askari kwa mfalme wake, na nchi ilikuwa na desturi ya askari kujitoa kabla ya vita. Pale Mahabalipuram, katika hekalu la jiwe moja la karne ya 7 linaloitwa ratha ya Draupadi, amechongwa mtu amepiga goti mbele ya mungu mke Durga, ameshika nywele zake kwa mkono mmoja na upanga kwa mwingine, tayari kujikata kichwa. Kwa jamii iliyoona hivyo kuwa ni heshima ya juu, jicho la Kannappa halikuwa ajabu kama lilivyo kwetu. Mtoto wa Siruttontar, naamini, alikuwa ajabu hata kwao.

Na ipo damu nyingine katika kitabu hiki, isiyo ya ndani ya nyumba. Sambandar, mtakatifu aliyenyonyeshwa maziwa na mungu mke akiwa mtoto, anashindana na Wajaini huko Madurai mbele ya mfalme wa Pandya. Majani ya mtende yenye maandishi yanatupwa motoni, kisha mtoni Vaigai, ya Sambandar yanasalimika. Wajaini walikuwa wameapa kwamba wakishindwa watundikwe kwenye miti iliyochongoka, na mapokeo yanasema walitundikwa 8,000. Wanahistoria wengi wanalitilia shaka tukio hilo, kwani maandishi ya Wajaini wenyewe hayalitaji. Lakini limechorwa kwenye kuta za baadhi ya mahekalu, na limesimuliwa kizazi hadi kizazi kama ushindi. Hadithi si lazima iwe imetokea ili ifundishe watu nani anaruhusiwa kufa. Hapa upendo wangu kwa kitabu hiki unasimama kabisa, na sioni sababu ya kuusukuma.

Upande wa Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, wameliwaza jambo hili kwa njia nyingine. Bhagavata Purana, kitabu kinachomsifu Krishna, Mungu katika umbo la mtu, inasema kwamba hata anayemchukia Mungu anaweza kumfikia, kwa sababu chuki humfanya amfikirie bila kupumzika. Shishupala anamtukana Krishna hadharani mpaka anakatwa kichwa, na nuru inatoka mwilini mwake inaingia kwa Krishna. Putana anakuja na sumu kwenye titi kumuua Krishna mchanga, naye anapewa nafasi ya mama, maana alimnyonyesha. Nauona ukarimu mkubwa katika wazo hilo. Adui anaokolewa na yule yule anayemshambulia.

Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita wa Kisanskriti, ina giza zaidi. Usiku baada ya vita kuu, Ashvatthama anataka kuwalipizia kisasi waliomuua baba yake. Mlangoni mwa kambi anazuiwa na kiumbe cha kutisha asichoweza kukipiga. Anamwomba Shiva. Inatokea madhabahu ya dhahabu yenye moto, naye anajitoa mwenyewe ndani yake awe sadaka. Ukiishia hapo, umesoma kisa cha mtakatifu: mtu ametoa mwili wake wote. Shiva anampa upanga na kuingia ndani yake. Kisha Ashvatthama anaingia kambini na kuwachinja watu waliolala, wakiwemo wana watano wa malkia Draupadi. Utenzi haumfanyi mtakatifu. Krishna anamlaani atangatange miaka 3,000 bila rafiki, mwili ukitoka usaha. Aliyetunga hapo alijua kwamba sadaka ya nafsi inaweza kuwa ya kweli kabisa, ikapokelewa, na bado kinachofuata kikawa uovu.

Narudi kwa Sekkizhar kwa mara ya mwisho, kwa sababu anacho kisa ambacho watu hawakitaji sana, na ambacho kwangu kinasimama sambamba na cha Kannappa. Meypporul alikuwa mfalme wa Tirukkovalur. Adui yake Muttanathan alishindwa vita mara nyingi, akaamua kutumia hila: akajipaka majivu matakatifu mwili mzima, akafunga nywele kama mtawa, akaficha kisu ndani ya mfuko wa kitabu. Kila mlinzi alimpisha, ila wa mwisho, Datta, alisita, akasema mfalme amelala. Mgeni akampita. Malkia akaamka, akamwamsha mumewe. Mgeni akasema ana maandiko ya Shiva yaliyopotea, na atayasoma wakiwa wawili tu. Mfalme akamwondoa malkia, akamweka mgeni juu kwenye kiti, yeye akaketi chini, akainamisha kichwa.

Muttanathan akafungua mfuko, akatoa kisu, akamchoma.

Datta akaingia na upanga juu. Mfalme, akianguka, akanyoosha mkono kumzuia: Datta, huyu ni wetu. Akamwagiza amtoe mjini salama, asiguswe na mtu. Habari zikaenea, watu wakafurika barabarani wakitaka kumuua muuaji. Datta akapita katikati yao, akiwaambia hii ni amri ya mfalme, akimkinga kwa mwili wake mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kumkata, mpaka akamfikisha nje ya mji mahali pasipo na hatari. Kisha akageuka na kukimbia ikulu. Meypporul alikuwa bado anapumua, akijizuia kufa mpaka apate habari. Alipoambiwa mgeni amefika salama, alimshukuru Datta, akawaaga jamaa zake akiwasihi waendelee kuwaheshimu waja wa Shiva, akafa.

Meypporul ni mmoja wa watakatifu 63. Datta, aliyetii bila majivu wala kitabu, hayumo. Hayumo pia mlinzi wa Kotpuli aliyemwombea mtoto mchanga.